Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya: mraibu naye apewe dirisha lake

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Afya, Mawaziri wa Fedha, Wabunge wa kamati za afya, Wakuu wa Magereza na Waganga Wakuu wa hospitali za umma,

YAH: TIBA YA URAIBU WA POMBE, TUMBAKU NA DAWA ZA KULEVYA IWE HUDUMA YA KAWAIDA KATIKA KILA ZAHANATI NA KITUO CHA AFYA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa wa ndani. Kazi yangu hunikutanisha na watu walioumizwa na pombe, tumbaku na dawa za kulevya wakati madhara yameshakomaa: ini limejaa makovu, mapafu hayakusanyi tena hewa ya kutosha, mshipa wa kujidungia umeota jipu. Hufika kwetu wamechelewa, na wengi wao si wakaidi. Walichelewa kwa sababu kabla ya hapo hapakuwa na pa kwenda. Mwenye presha analijua dirisha lake. Mwenye kisukari anaijua siku yake ya kliniki. Mraibu huambiwa "acha", kisha jina la mgonjwa anayefuata linaitwa.

Nawaomba jambo moja: tiba ya uraibu itolewe pale pale inapotolewa tiba ya presha, kisukari na kifua kikuu, na wahudumu wale wale, kwa usiri ule ule. Kampeni za kuwaonya vijana zina kazi yake na sizipingi. Lakini bango halimtibu mtu aliyekwisha kunasa, na walionasa ni wengi. Katika ripoti yake ya mwaka 2024, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 400 wanaishi na matatizo ya kiafya yatokanayo na jinsi wanavyotumia pombe, na kati yao milioni 209 ni waraibu. Kwa mwaka 2019 pekee, pombe ilihusishwa na vifo milioni 2.6, na dawa za kulevya vifo 600,000. Tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Wengi wao walikuwa na miaka mingi ya kuugua kabla ya kufa, na katika miaka hiyo walikanyaga sakafu za vituo vyenu kwa kikohozi, kwa vidonda vya tumbo, kwa ajali, kwa ujauzito, wala hakuna aliyewauliza.

Nianze na pombe, maana hapo ndipo neno "acha" likitamkwa peke yake linaweza kuua.

Pombe hupooza mfumo wa fahamu. Mtu anapokunywa sana kila siku kwa muda mrefu, ubongo wake hujiongezea msisimko ili aendelee kuwa macho, atembee, afanye kazi. Siku pombe inapokatika ghafla, msisimko ule hubaki bila cha kuutuliza. Saa 6 hadi 12 baada ya kinywaji cha mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho hutiririka, moyo huenda mbio, tumbo huchafuka. Wanywaji wanaijua hali hiyo, ndiyo maana asubuhi huzimua. Majirani huona tamaa. Mara nyingi ni mtu anayejitibu kwa dawa pekee aliyonayo. Ndani ya saa 48 anaweza kuanguka degedege la mwili mzima hata kama hajawahi kuugua kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne baadhi yao huweweseka vikali: huona wadudu ukutani, hawajui siku wala mahali walipo, homa hupanda, presha hupaa, moyo hupoteza mpangilio wake. Asiyetibiwa anaweza kufa. Anayewahiwa kwa diazepamu, dawa ya kutuliza, inayopimwa na kupunguzwa siku hadi siku, kwa maji ya kutosha na vitamini B1, kwa kawaida hupona.

Sasa tazameni haya yanatokea wapi. Yanatokea katika wodi ya majeruhi, kwa mgonjwa aliyelazwa na mguu uliovunjika ambaye hakuna aliyemuuliza anakunywa kiasi gani. Siku ya tatu anang'oa dripu, anapiga kelele, anafungwa kamba kitandani, na faili linaandikwa "mgonjwa msumbufu". Yanatokea nyumbani, pale familia iliyochoka inapomfungia ndugu yao chumbani ili pombe imtoke. Yanatokea katika nyumba za ibada, ambako mtetemeko na maono ya siku ya tatu husomwa kama pepo. Sina ugomvi na maombi. Nimeona yakiwashika watu mkono wakati ambapo sisi hospitalini hatukuwa na cha kuwapa. Ninachoomba ni kwamba mtu huyo aombewe akiwa na mshipa umewekwa na dawa inaingia.

Tena yanatokea mahabusu, na hapo nataka tukae kidogo. Mtu anakamatwa Ijumaa usiku kwa ulevi. Jumamosi anatetemeka, askari wanadhani ni woga. Jumapili anaanguka degedege, wanadhani anaigiza ili atolewe. Askari hana kosa kubwa hapa, kwa sababu hajawahi kufundishwa kwamba mlevi anapoishiwa pombe mwilini ni mgonjwa wa dharura. Kumfundisha askari wa zamu kutambua dalili tano au sita, na kumpa namba ya kituo cha afya cha karibu, ni kazi ya asubuhi moja. Dawa zinazohitajika zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na hutumika kila siku kwa magonjwa mengine. Kinachokosekana ni waraka wenye sahihi zenu.

Kuna jambo dogo linalohusu wodi zetu ambalo lingeokoa akili za watu wengi. Mnywaji wa muda mrefu hula kidogo, na tumbo lake halifyonzi vitamini B1 inavyotakiwa. Akiletwa hoi, desturi ni kumtundikia dripu ya glukosi. Glukosi ikiingia kwa mtu asiye na vitamini hiyo inaweza kuharakisha ugonjwa wa ubongo ambao daktari Mjerumani Carl Wernicke aliueleza mwaka 1881: macho huyumba, miguu huachana, akili huchanganyikiwa. Usipotibiwa upesi, huacha nyuma upotevu wa kumbukumbu usiorudi, yaani mtu anasalimiana nawe na baada ya muda mfupi hakumbuki kama mmeonana. Kinga yake ni sindano ya B1 kabla ya glukosi au sambamba nayo. Andikeni hivyo katika miongozo ya matibabu ya dharura na mbandike ukutani.

Najua hoja itakayopita mezani mwenu, maana hupita pia wodini: kajitakia mwenyewe. Naomba tuikabili badala ya kuizunguka. Wavutaji wengi huanza kabla ya kutimiza miaka 18, umri ambao sheria haiwaamini hata kusaini mkataba. Nikotini hufika kwenye ubongo sekunde chache baada ya pumzi kuvutwa, na mvutaji wa pakiti moja huvuta pumzi kama hiyo takriban mara 200 kwa siku. Ni vigumu kutaja jambo jingine ambalo mwili hufundishwa kwa marudio mengi namna hiyo. Kwa upande wa pombe, tafiti za mapacha zimeonyesha kwamba karibu nusu ya hatari ya kuwa mraibu hutokana na vinasaba vya kurithi, kwa hiyo vijana wawili huanza kunywa meza moja, mmoja akaacha bila shida na mwingine akazama. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, ile ile inayotumika kuandika sababu za vifo katika takwimu zenu, inautaja uraibu kuwa ugonjwa.

Na hata tukikubali kwamba mtu alianza kwa hiari yake, hospitali haikujengwa ili igawe adhabu. Dereva aliyeendesha kwa fujo tunamshona. Mwenye kisukari aliyekula asichotakiwa kula tunamchoma insulini bila kumhubiria. Huyu mmoja tu ndiye tunayemdai ajirekebishe kwanza ndipo atibiwe, na sharti hilo ndilo ugonjwa wake unalomzuia kulitimiza.

Kuhusu pombe na mwili kuna uongo mmoja ambao wizara zenu zimeuachia uendelee kwa kunyamaza, kwamba kidogo ni dawa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka pombe katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1988, kundi lile lile la moshi wa tumbaku. Ini hubadilisha pombe kuwa asetaldehaidi, sumu inayoharibu vinasaba vya seli na kuzuia seli zisijikarabati. Ndiyo maana pombe huongeza saratani za kinywa, koo, zoloto, umio, ini, utumbo mpana na matiti kwa wanawake. Saratani ya matiti hasa haisubiri unywaji mkubwa. Hatari huanza kupanda hata kwa kiwango ambacho watu hukiita cha kiungwana. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kwa afya. Ni wanywaji wangapi wanaolijua hilo? Pakiti ya sigara imebeba onyo, chupa ya pombe katika nchi nyingi haisemi lolote kuhusu saratani. Mnywaji hajanyimwa uhuru akiambiwa ukweli huo, amenyimwa anapofichwa.

Wajawazito nao nawataja, kwa upole. Mtoto anaweza kuharibiwa na pombe akiwa tumboni, akazaliwa na ubongo mdogo, uso wenye alama zake na shida ya kujifunza isiyokwisha. Daktari Mfaransa Paul Lemoine aliandika kuhusu watoto hao mwaka 1968, na mwaka 1973 madaktari Wamarekani Kenneth Jones na David Smith wakaupa ugonjwa huo jina. Mama mraibu anayeogopa kutukanwa kliniki haachi kunywa kwa sababu ya woga. Anaacha kuja kliniki. Hapo tunawapoteza wawili.

Tumbaku ina habari njema ambayo hatuitumii. Mwaka 1950 watafiti Waingereza Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha ushahidi kwamba uvutaji unahusiana na saratani ya mapafu, na mwaka uliofuata wakaanza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, wavutaji na wasiovuta. Matokeo ya miaka 50 ya ufuatiliaji huo yalichapishwa mwaka 2004. Yalionyesha kwamba anayeendelea kuvuta maisha yake yote hupoteza wastani wa miaka 10 ya uhai. Lakini aliyeacha akiwa na miaka 60 aliokoa miaka 3, aliyeacha akiwa na 50 aliokoa 6, aliyeacha akiwa na 40 aliokoa 9, na aliyeacha akiwa na 30 aliokoa karibu yote 10. Ningetaka takwimu hizo zisomwe kwa sauti katika kila kliniki ya moyo. Mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hushuka kwa takriban nusu. Nitajieni dawa ya moyo mnayonunua inayofanya hivyo.

Na bado mvutaji anatoka kliniki bila kuulizwa. Anatibiwa kifua kikuu kwa miezi 6, anaruhusiwa, na hakuna aliyemsaidia kuacha sigara, ilhali uvutaji huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu zaidi ya mara mbili na hufanya kirudi. Wengi hujaribu kuacha wenyewe na wengi hushindwa, kisha huaibika na kuificha aibu hiyo kwa kusema hawataki. Dawa za kuwasaidia zipo. Viraka vya kubandika na ubani wa kutafuna vyenye nikotini viliingia katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009. Vidonge vya vareniklini na bupropioni vikaongezwa mwaka 2021. Julai 2024 shirika hilo likatoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima, likaitaja pia sitisini, dawa nyingine ya kuacha, na likasisitiza kwamba hata ushauri mfupi wa nusu dakika hadi dakika 3 kutoka kwa mhudumu wa afya una faida. Dakika 3, waheshimiwa. Zamu iliyoelemewa kuliko zote inazo dakika 3, mradi mhudumu amefundishwa aseme nini na amepewa cha kumpa mgonjwa baada ya kusema. Na wasisahauliwe wanaotafuna na kunusa ugoro, ambao hujiona wako salama kwa kuwa hakuna moshi. Saratani ya kinywa haihitaji moshi.

Sasa nije kwa wanaotumia unga. Hapa ndipo jamii imekasirika kuliko kote, na hasira hiyo imewafanya ninyi pia muogope.

Heroini, fentanili na jamaa zake wa jamii ya afyuni huua kwa njia inayoeleweka: hukilevya kituo cha ubongo kinachoamuru pumzi. Mtu hupumua polepole, kisha kwa nadra, kisha haendelei. Kucha na midomo hubadilika rangi, mboni za macho hubana kama ncha ya sindano, na ukimwita haitiki. Dawa iitwayo naloksoni huiondoa dawa ya kulevya kwenye vipokezi vya ubongo, na pumzi hurudi ndani ya dakika chache. Haileweshi, haizoesheki, na akipewa mtu ambaye hakutumia afyuni haimdhuru. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba yeyote anayeweza kushuhudia mtu amezidisha dozi awe nayo na afundishwe kuitumia: mama, mke, rafiki, mtumiaji mwenzake. Nguvu yake hudumu kati ya dakika 30 na 90 hivi, kwa hiyo mgonjwa lazima afike hospitali, asije akazama tena dawa inapoisha. Lakini rafiki anayejua kwamba akiita msaada watakuja na pingu atakimbia na kumwacha mwenzake chini. Nawasihi muweke sheria inayomlinda anayeita msaada na anayesaidiwa. Mtu akikata roho, hakuna mahakama itakayomrekebisha.

Baada ya kuokolewa usiku huo, asubuhi anaamka na arosto: mifupa inauma, miayo na kamasi haviishi, tumbo linaharisha, baridi inamwingia hata juani. Hapo tunamwambia avumilie. Wachache huvumilia, na wengi wa hao hurudia. Tangu mwaka 1965, madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walipochapisha matokeo yao New York, tunajua kwamba methadoni inayonywewa kila siku chini ya uangalizi hukata arosto, humtoa mtu kwenye sindano na kumrudisha kwenye kazi na familia. Methadoni na mwenzake buprenofini, dawa nyingine ya tiba hiyo hiyo, ziko katika orodha ya dawa muhimu tangu mwaka 2005. Anayekuwa kwenye tiba hii ana uwezekano mdogo sana wa kufa kuliko aliye nje, na virusi vya UKIMWI na homa ya ini aina ya C hupungua kuenea. Homa hiyo ya ini yenyewe sasa hupona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12 kwa zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa, na mtu anayefika kila siku kunywa methadoni ndiye rahisi kuliko wote kumtibu, kwa kuwa unajua utamwona kesho.

Wanaopinga husema methadoni ni kubadilisha ulevi mmoja kwa mwingine. Naelewa hisia hiyo, lakini ukweli wa kitandani ni mwingine: kipimo sahihi hakimleweshi mgonjwa, hakimwamshi usiku kutafuta kete, hakimpeleki kuiba. Ni dawa ya ugonjwa wa muda mrefu, na baadhi yao wataihitaji miaka mingi. Vidonge vya presha hunywewa miaka mingi pia.

Ushahidi ninaoupenda zaidi unatoka Ufaransa, kwa sababu unagusa ombi langu lenyewe. Katikati ya miaka ya 1990 nchi hiyo iliruhusu madaktari wa kawaida wa mitaani, si mabingwa tu, waandike buprenofini kwa wagonjwa wao. Vifo vya kuzidisha dozi ya afyuni vilishuka kwa takriban asilimia 79 kati ya mwaka 1995 na 1999. Hawakujenga majumba. Walifungua milango iliyokuwepo. Ureno nayo, kuanzia Julai 2001, iliacha kumfungulia mashitaka ya jinai mtu anayekutwa na kiasi kidogo cha matumizi yake, ikampeleka mbele ya kamati yenye wataalamu wa afya na ustawi wa jamii, na sambamba na hilo ikapanua tiba. Nalitaja hilo la tiba kwa makusudi, maana wapo wanaokariri sehemu ya sheria peke yake. Kubadili sheria bila kupanua tiba ni kumwachia mgonjwa barabara tu.

Wakuu wa Magereza, hili linawahusu moja kwa moja. Mtu aliyekaa ndani bila kutumia hupoteza uzoefu wa mwili wake. Akitoka na kurudia kipimo kile kile cha zamani, kinamuua. Wiki mbili za kwanza baada ya kuachiwa ndizo hatari kupita zote. Aanze methadoni akiwa ndani, atoke na barua ya kituo kitakachoendelea naye, na apewe naloksoni pamoja na nguo zake.

Kwa kokeini na vichangamshi vingine, kwa bangi na kwa gundi wanayonusa watoto, hatuna dawa mbadala ya aina hiyo, na sitawadanganya. Kokeini hubana mishipa ya moyo na huweza kumwangusha kijana asiye na historia yoyote ya maradhi. Ikichanganywa na pombe, ini hutengeneza kemikali ya tatu inayoutesa moyo zaidi. Bangi kali, hasa ikianza ujanani wakati ubongo bado unakua, huongeza hatari ya maradhi ya akili. Gundi huweza kusimamisha moyo ghafla hata kwa anayeinusa mara ya kwanza. Kinachosaidia hapa ni ushauri wa kitaalamu unaoendelea, familia iliyoelekezwa, na tiba ya maradhi ya akili yanayoambatana. Kwa hiyo hata hapa jibu ni mhudumu aliyefundishwa, katika kituo kinachofikika.

Pale serikali isipoweka mlango, wengine huweka wao. Zipo nyumba zinazojiita za kurekebisha tabia ambamo watu hufungwa minyororo, huchapwa na kunyimwa chakula, na familia hulipa kwa nia njema kabisa. Zipo pia zinazoendeshwa na waraibu waliopata nafuu, kwa upendo na kwa mafanikio, nazo naziheshimu. Mmeziacha zote mbili bila ukaguzi, na mama mwenye kijana mgonjwa hana namna ya kuzitofautisha. Mwezi Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kutaka vituo vya kuwafungia waraibu kwa lazima vifungwe. Zikagueni, msajili zinazofaa, na mzifunge zinazotesa.

Waheshimiwa wa Fedha, mtaniuliza fedha zitoke wapi, na hapa sihitaji maneno mengi. Bei ya tumbaku ikipanda kwa asilimia 10, matumizi katika nchi za kipato cha chini na cha kati hushuka kwa takriban asilimia 5, na mapato ya serikali kwa kawaida huongezeka. Thailand, tangu mwaka 2001, hutoza nyongeza ya asilimia 2 juu ya ushuru wa pombe na tumbaku na kuipeleka kwenye mfuko wa kuendeleza afya. Ufilipino ilipandisha ushuru wa bidhaa hizo kwa sheria ya mwaka 2012 na kuelekeza sehemu kubwa ya mapato ya nyongeza kwenye huduma za afya. Ninyi mnakusanya kodi kwenye kila chupa na kila pakiti anayonunua mraibu. Ni haki yake sehemu ya kodi hiyo imrudie kama matibabu.

Neno moja tu kuhusu watakaokuja ofisini mwenu kuwashauri vinginevyo. Januari 1954 kampuni za tumbaku za Marekani zilitangaza katika mamia ya magazeti kwamba afya ya wateja wao ndiyo wajibu wao wa kwanza. Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa Marekani aliamua kwamba kampuni hizo ziliudanganya umma kwa miongo kadhaa. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika Februari 2005, unazitaka serikali katika kifungu cha 5.3 zizilinde sera zao za afya dhidi ya maslahi ya biashara hiyo. Pombe haina mkataba kama huo. Hakuna kinachowazuia kuutumia moyo wa kifungu hicho kwa pombe kuanzia kesho, na mnapounda kamati za sera za afya, viti vya watengenezaji viondoeni.

Kwa hiyo naomba hivi. Kila anayelazwa na kila anayeanza kliniki aulizwe kuhusu pombe, tumbaku na dawa nyingine, kwa maswali yaliyopimwa. Yale 10 ya AUDIT yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani yapo tangu mwaka 1989 na hayahitaji mashine wala maabara. Kila kituo chenye kitanda kiwe na diazepamu, vitamini B1 na naloksoni, na mtu anayejua kuzitumia. Dawa za kuacha tumbaku ziingie katika bima na katika orodha za ununuzi. Methadoni na buprenofini zisogee kutoka hospitali kubwa chache hadi vituo ambavyo mgonjwa anaweza kuvifikia kila siku na bado akawahi kazini, kwa sababu tiba inayomtaka mtu aache kibarua chake ili aipate haitadumu. Wanawake watengewe muda wao na mahali pao pa faragha: Umoja wa Mataifa ulikadiria mwaka 2024 kwamba kati ya wanaume wenye matatizo ya dawa za kulevya mmoja katika 7 hupata tiba, na kwa wanawake ni mmoja tu katika 18. Vyuo vya uuguzi na utabibu vifundishe haya yote kwa vitendo, na yatahiniwe. Leo mtu anaweza kuhitimu akijua kutibu degedege la homa ya mtoto, asijue la mlevi aliyekatiwa pombe.

Bajeti ijayo itakaposomwa nitaisikiliza kwa jambo hili. Yakiwamo, nitawashukuru hadharani kama ninavyowaandikia hadharani leo. Yasipokuwamo, naomba jibu lenu liwe kwa maandishi na sababu zake, lenye sahihi, ili tulioko wodini tuwe na la kuwaonyesha ndugu wa mgonjwa wanapotuuliza wampeleke wapi.

Wasalaam,

Muuguzi, wodi ya wagonjwa wa ndani